Nyundo na Simu ya Ijumaa

Mkuu wa shule amenitaka ukurasa mmoja tu. Wazazi wamegawanyika, bodi inataka kusikia walimu wanasemaje, na kwa kuwa siku hizi mimi ndiye ninayeshika nidhamu, swali limeniangukia mimi: wanafunzi waruhusiwe kuja na simu darasani, au wasiruhusiwe? Nimeanza mara nne. Kila nikifika mstari wa tatu kalamu inagoma, kwa sababu anakuja kukaa mbele yangu mtu mmoja, mwalimu wa nidhamu aliyenitangulia, na viatu vyake vya plastiki na nyundo yake. Nimechoka kumkwepa. Acha nimwandike yeye kwanza, ukurasa wa mkuu utasubiri.

Ukimkuta mtu yeyote hapa Bagamoyo aliyesoma shuleni kwetu miaka yake, muulize habari zake, atakuonyesha kiganja. Mwalimu wa nidhamu alifundisha Jiografia, na alifundisha akitembea. Alipita katikati ya madawati taratibu, mkono wa kushoto ukiteleza juu ya mbao, meza hadi meza, kana kwamba anapangusa vumbi. Watoto walidhani ni mazoea ya uzee. Kumbe alikuwa anasikiliza. Simu ikizimwa sauti hutetemeka, na mbao haijui kutunza siri. Kiganja kikisimama, na yeye husimama, wala sentensi yake haikatiki. Ataendelea kueleza mto unavyochimba kingo zake huku ameukunjua mkono wa pili mbele ya mwenye simu. Akimaliza sentensi ndipo huongeza maneno mawili, kwa upole kabisa: "Lete mgeni."

Simu aliziita wageni. "Huyu mgeni hakubisha hodi," alikuwa akisema. "Mgeni asiyebisha hodi ni mwizi."

Na watoto nao hawakukosa ujanja. Walizificha ndani ya nusu ya boflo, mkate ukachongwa katikati kama mtumbwi. Waliikata kamusi kurasa za ndani, kuanzia herufi M mpaka T, wakapata sanduku, na mimi mwalimu wa Kiswahili nikalia kilio changu peke yangu. Msichana mmoja alishona mfuko ndani ya mtandio. Mvulana mwingine aliiweka kwenye mfuko wa ubuyu, akajiona amemaliza kazi. Mwalimu wa nidhamu akaomba ubuyu. Akatia vidole, akatoa mbegu moja, akaimung'unya, akasifu. "Mtamu. Lakini kuna mbegu moja humu imenizidi meno." Darasa zima likaanguka kwa kicheko, hata mwenye simu akacheka, na simu ikaenda.

Ilikwenda kwenye ndoo. Ilikuwa ndoo ya rangi, yenye kifuniko, ikikaa chini ya meza yake ofisini. Kila simu aliifunga kwenye karatasi, juu akaandika jina la mwenyewe, kidato na tarehe, kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa vyeti vyetu vya kumaliza shule. Siku ya kufunga shule, wanafunzi wakiwa mstarini, ndoo ilitolewa nje. Karibu na mlingoti wa bendera kuna jiwe. Simu iliwekwa juu ya jiwe, mwenye simu akashika kizoleo, na nyundo ikashuka. Pigo moja. Hakurudia, wala hakukosea. Mwenye simu alikusanya vipande vyake mwenyewe, akavipeleka shimoni.

Sheria ile hakuitunga yeye. Aliikuta, na shule nyingi zinayo. Alichoongeza ni kimoja tu: kabla ya nyundo, alitoa laini. Laini aliifunga katika bahasha ndogo, na mzazi alipaswa kuja mwenyewe kuichukua. "Simu ni ya utoto," alisema, "lakini namba ni ya watu. Huwezi kujua nani kaikariri."

Nimeandika maneno hayo sasa hivi nikayaangalia. Nimeyasikia mara ngapi, na sikuyasikia.

Siku ya kufunga shule sisi walimu tulikuwa tukipika pilau. Mwalimu wa nidhamu hakula pilau hiyo hata mara moja. Alikwenda kwenye bomba nyuma ya ofisi, akanawa mikono, akanawa tena, akachukua mkoba wake, akaondoka kwa miguu. Mtu anayependa kuvunja vitu hafanyi hivyo. Lakini ukimwambia basi tuache, alikutazama kama umemwambia aache swala.

Na wazazi alipambana nao. Siku moja alikuja baba mmoja dereva wa bajaji, amefunga breki mpaka vumbi likaingia ofisini, anahema.

"Mwalimu, umemvunjia mwanangu simu! Ile nimempa mimi, kwa mkono wangu, nijue mtoto yuko wapi!"

"Pole, mzee mwenzangu. Kaa kwanza. Saa nne asubuhi mtoto huwa wapi?"

"Si huku shule!"

"Basi ulikuwa unajua."

Yule baba akakaa. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa haki, na jioni nikamwona mwalimu wa nidhamu anarudishwa kwake kwa bajaji ile ile, wanazungumza kama mashemeji.

Mdahalo ndio uliokuwa mkubwa zaidi. Kidato cha nne walijadili hoja hii hii inayonitesa mimi, na yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kijana mmoja wa upande wa kuunga mkono alisimama akasema vitabu hakuna, maktaba imefungwa kwa sababu ya popo, ramani ya pekee ya shule inaonyesha nchi ambazo hazipo tena, na simu moja ingeleta vyote hivyo juu ya dawati. Walimu tulipiga makofi tukasahau kuwa hatupaswi. Mwalimu wa nidhamu akawapa ushindi, bila hata kusita. Jumatatu yule kijana akaja na simu, kifua mbele. Kiganja kikasimama mezani kwake.

"Mwalimu, si tulishinda?"

"Mlishinda mdahalo," akasema. "Sheria haikushiriki. Lete mgeni."

Alikuwa na msemo mwingine, ambao aliutumia kwa wote, wakubwa kwa wadogo: "Uliye hapa, uwe hapa." Aliusema darasani, akausema kwenye vikao vya walimu alipotukuta tumeinamisha vichwa kila mtu na kioo chake mapajani, akausema pia kwa wale tuliokuwa tukilalamika kila siku tuhamishiwe Dar. Mimi ulinichoma. Nilikuwa na darasa la wanafunzi wasiohesabika, kitabu kimoja, na muhtasari mpya uliotufikia kwa simu, kwenye kundi la walimu, usiku tukiwa tunapika. Mahudhurio tulituma kwa simu. Ratiba ya mitihani ilikuja kwa simu. Nilisoma nukuu kutoka kwenye simu yangu, herufi ndogo kama sisimizi, mbele ya watoto niliowakataza kuwa na simu, na nilipoinua macho niliona wanavyonitazama. Mwalimu wa nidhamu peke yake ndiye aliyekuwa na kitochi, kile cha vibonye, cha laini mbili, na hakukitoa mfukoni darasani. Hilo lilinifanya nimheshimu na nimchukie kwa wakati mmoja. Nasema kweli, ilikuwa rahisi zaidi kumchukia.

Ndipo akaja Mwanahamisi.

Mwanahamisi alikuwa kidato cha tatu, binti mkimya, wa kukaa dirishani, anayeishi na bibi yake upande wa mji mkongwe. Wenzake aliwaambia mama yake ana duka Maskati. Aliniandikia insha moja kuhusu mtu ampendaye, akasema mikono ya mama yake inanukia udi kwa sababu ya bidhaa za dukani, na kwamba wateja humwita kwa heshima. Nilimpa alama za juu kuliko darasa zima. Nikaisoma kwa sauti mbele ya wenzake, naye akainamisha kichwa nikadhani ni haya.

Ijumaa moja, kwenye Jiografia, kiganja kilisimama kwake. Nilikuwa nimekaa nyuma nasubiri kipindi changu, kwa hiyo nilishuhudia. "Lete mgeni," akasema. Mwanahamisi hakuleta. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kukataa. Aliikumbatia simu kwa mikono miwili, kitochi chekundu kilichofungwa kwa raba, na machozi yanamtoka bila sauti. Mwalimu wa nidhamu akasubiri. Akasubiri sana. Mwishowe akaipata, na simu ikaanza kutetemeka tena humo humo mkononi mwake. Aliitazama namba kwenye kioo kwa muda mrefu, akaitia mfukoni, akarudi kwenye mito yake. Lakini sentensi ile hakuimalizia, na hilo lilikuwa la kwanza.

Muhula ulipofungwa, kitochi chekundu kiliwekwa jiweni kama vingine. Pigo moja. Mwanahamisi alishika kizoleo mwenyewe. Bahasha ya laini yake ilibaki ofisini, kwa kuwa hakuna mzazi aliyekuja.

Kuanzia hapo mambo mawili yalitokea, na mimi niliyaona yote mawili, na sikuyaunganisha. La kwanza, kila Ijumaa saa nne mwalimu wa nidhamu alimwita Mwanahamisi kwenda kufagia ofisi yake. Ofisi ile ilifagiliwa mpaka saruji ikang'aa. Yeye mwenyewe alitoka akakaa kwenye benchi barazani, mgongo kwa mlango ulioachwa wazi, anasahihisha madaftari. Na binti alitoka na ufagio, macho mekundu. Tukasema mzee kapata wa kumwonea.

La pili, simu yake mwenyewe ilianza kuita darasani. Siku za Ijumaa tu. Mwalimu wa nidhamu, mwenye nyundo, anafundisha mvua za Ruvu, kitochi kinalia mfukoni, naye anaacha chaki mezani na kutoka mbio mbio na viatu vyake vya plastiki. Wanafunzi walikufa kwa kucheka. "Mwalimu kapata mgeni!" Ofisini watu wakamtafutia mke wa pili, wengine walimpa mjane wa sokoni, wengine walimpa mwalimu wa shule ya jirani. Yeye hakujibu. Miaka ile alikuwa anakaimu umakamu mkuu, na sote tulijua kuwa barua ya kumthibitisha iko njiani.

Kwenye kikao cha muhula nikasimama. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimechoka na sheria za upande mmoja, nimechoka na watoto wanaonicheka machoni, na nilikuwa na maneno mazuri mdomoni, jambo ambalo ni hatari kwa mwalimu wa lugha.

"Tunaambiwa sheria ni msumeno," nilisema, "hukata mbele na nyuma. Huku kwetu unakata mbele tu. Simu ya mtoto inavunjwa, ya mwalimu wa nidhamu inaita kila Ijumaa na somo linasimama. Mimi napendekeza, na yeye aache simu yake kwa mkuu wa shule kila asubuhi, aichukue mchana. Uliye hapa, uwe hapa."

Walipiga makofi. Nilimpiga kwa msemo wake mwenyewe na walipiga makofi.

Alinitazama. Alifungua mdomo, nakumbuka vizuri, alivuta pumzi ya mtu anayetaka kueleza jambo refu. Kisha akageuka dirishani. Nje, kidato cha tatu walikuwa wanapalilia bustani, Mwanahamisi kati yao. Mdomo ukafungwa.

"Madam amesema kweli," akasema. "Nimekosea." Akatoa kitochi chake mfukoni, akakiweka mbele ya mkuu wa shule pale pale.

Umakamu ukaenda kwa mtu mwingine, kutoka wilaya nyingine. Yeye akaendelea kufundisha mito na milima mpaka akastaafu, na siku ya kuagana aliponikabidhi ndoo na nyundo, hakuniambia neno baya hata moja. Nyundo alikuwa ameipaka mafuta isipate kutu.

Miaka mitano nimeitumia. Nilipopewa huu ukurasa wa maoni, nikaona hakuna wa kumuuliza ila yeye. Ijumaa iliyopita, shule zikiwa bado zimefungwa, nikaenda Mapinga. Kiwanja chake alikipata zamani, kukiwa mihogo mitupu. Leo kimezungukwa na kuta za watu wanaofanya kazi Dar na mageti ya rangi rangi. Nilimchukulia mkate wa kumimina. Nikapiga hodi.

"Karibu! Pita, geti halina komeo."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Madam. Karibu. Karibu juani."

Kweli alikuwa amekaa juani, kwenye kigoda pembeni ya banda la kuku, na baraza nzuri yenye kivuli iko hatua kumi kutoka pale. Amekonda. Jicho moja limeingia ukungu. Nilimwambia tuhamie barazani, akakataa. "Nina kazi hapa mpaka saa tano." Nikaangalia: kuku wameshakula, ufagio umeegeshwa, hana kitabu. Kitochi tu, juu ya goti lake. Ilikuwa saa nne na dakika chache. Nikavuta kigoda cha pili.

Tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shule, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Kisha nikamweleza habari ya ukurasa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Andika hapana."

"Hapana tu?"

"Hapana inatosha. Mtoto mwenye simu darasani hayupo darasani. Umemfundisha miaka yote hiyo, hujaona? Uliye hapa, uwe hapa."

Sijui kilichonituma. Labda jua, labda uchovu. Nikasema kwa utani, "Mbona yako ilikuwa inaita, Mwalimu? Ijumaa kwa Ijumaa."

Hakucheka. Aliiangalia ile simu gotini.

"Haikuwa yangu," akasema.

Nikakisogeza kigoda changu.

"Ilikuwa laini ya Mwanahamisi. Niliitia humu, upande wa pili, ikiita namkimbizia ofisini aongee. Mama yake yuko Uarabuni. Hana duka, Madam. Ni mtumishi wa ndani. Simu yake walimnyang'anya siku aliyofika. Ijumaa saa nne mwenye nyumba akienda kwao, mpishi mwenzake anamwazima yake, nusu saa. Namba anayoikumbuka kichwani ni moja tu. Bibi hasikii. Ningefanyaje?"

"Ungetuambia."

"Nikiwaambia, mtoto kaaibika, alishawaambia wenzake habari ya duka. Na ningesema huyu aruhusiwe, kesho wangekuja wengine na mama zao. Na wangekuwa wanasema kweli, wengine. Sheria haina mahali pa kuweka mambo hayo. Nikaona niivunje mimi peke yangu, iharibike kwangu tu."

Kuku mmoja alipita kati yetu, anaparua mchanga. Nilihesabu kichwani. Sikutaka kuuliza, lakini nilikwishajua nitauliza.

"Na ile miezi simu ikiwa kwa mkuu?"

Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kunisitiri, na hakuipata.

"Ijumaa ya kwanza ilikuwa kwenye droo. Mchana nilipoichukua nikaona kapiga mara saba. Ijumaa ya pili nilimwendea mkuu nikamwomba, akaniambia, Mwalimu, kikao kimeamua. Siku hiyo alipiga mara moja. Basi. Baada ya hapo, kimya. Niliipiga ile namba, akapokea mwanamke mwingine, akasema Kiarabu, akakata. Kisha ikawa haipatikani. Aliyempeleka naye tulimtafuta, kahama."

"Mara saba," nikasema.

"Huenda hayahusiani, Madam. Huenda walihama nyumba. Usijibebeshe."

Nilijibebesha. Nililia pale juani mbele ya kuku wake, mwanamke mzima, na yeye akanisubiri kama alivyomsubiri Mwanahamisi siku ile. Aliponiona nimenyamaza akanieleza yaliyobaki. Binti anafanya kazi kiwanda cha nguo, Dar. Getini wanaacha simu zote kwenye kijisanduku, huingii nayo. Ana dakika kumi za chai tu za kuishika. Kwa hiyo laini alimwachia yeye. Laini isipotumika kampuni huifunga, ikapewa mtu mwingine, kwa hiyo kila mwezi mwalimu anaitilia vocha, kisha anaipigia kwa laini yake nyingine na kujipokea mwenyewe. "Najiuliza hali, najijibu nzuri," akasema. Na Ijumaa, saa nne mpaka saa tano, anakaa pale bandani, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Barazani haushiki.

Ndipo simu ikaita.

Alinyanyuka kwa nguvu ambayo sikuitarajia, kuku wakatawanyika. Akaisogeza karibu na jicho lake zima. Mabega yakashuka.

"Marahaba, mwanangu. Bado… Hapana, iko wazi, sijatoka hapa… Bado hajapiga. Haya, kanywe chai yako, muda unakwisha." Kisha akanitazama. "Nina mgeni hapa. Madam wako wa Kiswahili."

Nilitikisa kichwa, lakini simu ilikwishafika sikioni mwangu.

"Shikamoo, Madam!" Sauti imekuwa kubwa, nyuma yake kelele za watu na vikombe. "Madam, bado unafundisha insha?"

Sikuweza kuitikia marahaba. Nilisema tu, nipo, mwanangu, nipo. Akacheka, akasema kengele imelia, akakata.

Saa tano ilikuwa imepita. Mwalimu wa nidhamu hakusimama. Akaniambia kwamba Jumatano anaingia hospitali kupasuliwa jicho, atalala huko wiki nzima, na wodini simu hazitakiwi. Alisema hivyo huku anatabasamu kidogo. Alikuwa anafikiria kumwachia jirani mwenye geti la bluu, lakini jirani huyo Ijumaa huwa kazini.

"Nipe mimi," nikasema.

"Wewe una kipindi."

"Nina kipindi."

Kisha akafungua mgongo wa kitochi kwa ukucha, akaitoa laini, akaomba karatasi. Nikachana ile niliyokuja nayo ya maoni, isiyo na kitu. Akaifunga laini ndani yake, na juu akaandika, polepole, jicho karibu na karatasi, kwa mwandiko ule ule: Mwanahamisi. Kidato cha tatu. Akaacha nafasi ya tarehe.

Sasa hivi iko ndani ya simu yangu. Nyundo iko kabatini, ndoo chini ya meza, na ukurasa wa mkuu nimeuandikia neno moja, hapana, nikalitazama. Shule inafunguliwa Jumatatu. Ijumaa saa nne niko kidato cha tatu.